Kitufe cha Kushusha Brashi

Waliozungumza kabla yangu wote wamesimama. Mimi mtaniwia radhi, ndugu zangu, nitazungumza nimekaa, na nikimaliza pia mtaniona nimekaa. Chekeni, msiogope. Kuna wakati nyumba yangu ilikosa kicheko kabisa, kwa hiyo leo nakipokea kwa mikono miwili.

Salamu nimeshazitoa pale mlangoni, kwa watu wetu wa pwani na kwa wageni wetu wa kanisani waliokuja kwa ajili ya jirani yangu, na kila mtu ameniitikia kwa namna ya kwao. Mwenyekiti ameniambia nisitaje majina. Sawa, sitataja. Ila mkiona mtu hapo nyuma ameinama ghafla anafunga kamba za viatu, basi mjue ndiye ninayemsema.

Wengi wenu mnanijua tangu nilipofika. Mombasa nilikuwa fundi wa magari. Hapa ughaibuni nikapata kazi ya usafi katika ile mall kubwa ya Bloomington, nikapewa mashine ya kusugua sakafu. Si ile ya kusukuma kwa mikono, hii unaipanda. Ina kiti chenye mgongo, usukani, tangi la maji, brashi mbili za duara chini ya tumbo, na mpira wa nyuma wa kukaushia. Inakwenda kwa betri, kimya kimya, kwa mwendo wa bibi harusi. Wenzangu waliona ni kazi ya kuchosha. Mimi niliipenda, wallahi, maana nilikuwa napita mahali pana madoa na nikigeuka nyuma naona panang'aa.

Mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiuza nguo katika duka moja humo humo. Tulifika pamoja asubuhi kabla ya wateja. Yeye alikuwa anakaa kwenye benchi na chai yake akingoja duka lifunguliwe, na mimi nikipita na mashine yangu anainua miguu yote miwili juu, kama mtoto, ili nipite. Halafu ananiambia, "Dereva, hapa umeacha pachafu." Kila siku ya kazi. Hapakuwa na uchafu wowote, na yeye alijua, na mimi nilikuwa narudi nasugua tena ili ainue miguu mara ya pili.

Sasa oneni mambo. Miaka yote hiyo juu ya sakafu yenye maji sikuteleza. Nikaja kuteleza nyumbani Hopkins, kwenye ngazi za nje, nikienda kutupa taka. Ile barafu inayojificha chini ya theluji laini, mnaijua ninyi nyote, hakuna hapa ambaye haijamsalimia. Nilianguka kwa mgongo kwenye ncha ya zege, na tangu siku hiyo kuanzia kiuno kwenda chini sina habari napo.

Nawaambia ukweli, anguko hilo halikunimaliza. Mke wangu hakunipa nafasi ya kumalizika. Alininyanyua, aliniogesha, alinigombeza. Nikilalamika anasema, "Umeanza tena, dereva?" Tukazoea. Mtu anazoea mengi akiwa na wa kumgombeza.

Halafu akaondoka yeye. Moyo. Alijilaza mchana kabla ya kwenda kazini, akaniambia nimwamshe alasiri. Sikuweza kumwamsha.

Naomba maji kidogo. Ahsante, mama.

Ilikuwa ni wakati theluji inayeyuka. Makaburi yetu mnajua yaliko, kusini huko, ukishaipita Lakeville, katikati ya mashamba. Lami inaishia getini, na toka hapo ni nyasi, mabonde madogo na tope. Mlinishusha kwenye gari mkanikalisha kwenye kiti changu cha magurudumu, na hatukwenda mbali, magurudumu ya mbele yakazama. Mnajua desturi yetu, maiti hangojeshwi. Nikawaambia nendeni. Nikabaki pale kwenye lami nikisikiliza sepetu.

Mtu mmoja kati yenu alinikumbuka. Alikuja mbio na konzi ya udongo, akaniwekea kiganjani. Nikaushika, nikamrudishia, akaenda kuutia kaburini kwa niaba yangu. Alifanya wema mkubwa na Mungu atamlipa. Lakini nilirudi nyumbani na neno moja tu kichwani: udongo wangu umefika, mimi sikufika.

Baadaye, kiangazi, mkanibeba. Wanaume wanne, kila mmoja pembe yake ya kiti, mkanipitisha njia ile ile alikopitishwa yeye. Mlihema, ndugu zangu, na mimi si mwembamba. Mkaniweka mbele ya kaburi, mkasimama nyuma yangu kwa adabu. Nikasoma nilichosoma. Na nilipotaka kusema naye kidogo, maneno ya mtu na mkewe, nikasikia mmoja wenu anapapasa funguo za gari mfukoni. Hakuwa na kosa, alikuwa na shifti. Lakini nilijiona mzigo. Nikasema, inatosha, nirudisheni. Na nikala kiapo kwamba mimi sibebwi tena mpaka siku yangu ya kubebwa na wote.

Basi nikajifungia. Simu zenu nilikuwa naziona zinalia. Binti yangu alikuwa anatoka Lakeville na vyakula, anasema nami Kiswahili kidogo halafu anahamia kwenye Kiingereza chao kile cha haraka, na mimi najifanya sisikii lugha zote mbili. Alinishauri tutafute pikipiki ya magurudumu manne, zile wanazopanda watu wa hapa kwenda kuwinda. Nikamwambia, mwanangu, ile unaipanda kwa kuipanua miguu na kuibana kwa mapaja. Mapaja yangu yatabana nini? Na kelele ile, nimpigie mama yako kelele kaburini? Akaenda kulia jikoni akidhani simsikii. Nilimsikia. Naomba anisamehe, na ameshanisamehe, ndiyo huyo hapo mbele anajifuta macho.

Sasa naingia kwa jirani yangu. Anakaa chini yangu, ghorofa ya kwanza; mimi hupanda na kushuka kwa lifti. Ni Mkongo, mtu wa kanisa, fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana moja ya matrela. Tulikuwa hatujuani zaidi ya kupungiana mikono. Asubuhi moja ya baridi gari lake likakataa kuwaka, na mimi niko dirishani sina kazi, namsikiliza akilitesa. Nikavumilia, nikashindwa. Nikafungua dirisha, baridi yote ikaingia, nikampigia ukelele, "Bwana, acha! Si betri hiyo, ni waya wa bodi umelegea!" Akafungua boneti, akakaza, likawaka. Akatazama juu kama anayetafuta malaika, akaona mzee mwenye kofia ya sufu.

Jioni akaja na sahani ya lengalenga, mchicha wa kwao, na samaki. Akakaa. Akarudi kesho yake. Watu hawa wa Kongo, ndugu zangu, wakikupenda hawakuombi ruhusa. Siku moja akaniuliza mama yuko wapi, nikajikuta namwambia yote, mpaka udongo wa kuletewa, mpaka funguo za gari mfukoni. Alisikiliza hadi mwisho. Hakunipa pole. Alisema tu, "Papa, hapo iko kazi ya chuma. Chuma mimi najua."

Baada ya muda akanipigia honi chini. Nikatazama. Juu ya trela lake dogo amefunga kitu kwa kamba. Kuna duka lilikuwa linatupa vyombo vyake vya zamani, na yeye akaomba kimoja, wakampa bure. Ilikuwa ni mashine ya kusugua sakafu, ndugu zangu. Ya aina ile ile yangu. Kiti kile kile, usukani ule ule, hata ule mkwaruzo ubavuni ambao kila dereva anaupata kwenye nguzo. Kazi yangu ya zamani sikuwa nimemtajia, hakujua kwamba nimewahi kuendesha ya namna hiyo. Aliona tu kiti chenye mgongo na mkanda, akaniwaza. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na ndicho kilichokuwa kicheko cha kwanza tangu nimzike mke wangu. Yeye akadhani namdharau. "Papa, unacheka nini? Hii iko mashini ya kwa nyumba. Tutaipa miguu ya kwa pori!"

Tukaanza kazi kwenye karakana yao, siku za mapumziko, bosi wake akaturuhusu. Mimi nilikuwa macho na mdomo, yeye mikono. Tukatoa brashi, tukatoa mpira wa kukaushia, tukatoa lile tangi zito la maji. Pedali ya mwendo tukaigeuza ikawa mkono wa kuvuta kando ya usukani. Tukafunga magurudumu mapana tuliyoyatoa kwenye pikipiki mbovu ya kuwindia. Ikasimama juu, pana, ya ajabu, kama ng'ombe aliyevaa viatu. Tukaileta Hopkins tukaijaribu kwenye theluji nyuma ya nyumba. Majirani wote madirishani, simu juu.

Nikavuta mkono. Gurudumu la mbele, lile lenye mota, likazunguka pale pale na kututupia theluji usoni. Mashine haikwenda hata shubiri. Watoto walishangilia sana.

Jirani alivunjika moyo. Mimi nikakumbuka kitu. Kule mall, nilipokuwa nimeshamwaga maji na kuirudisha stoo, pale kwenye mwinuko ilikuwa ikiteleza. Ikiwa imejaa maji haitelezi. Nikamwambia, ndugu yangu, tulidhani uzito ni adui, kumbe lile tangi ndilo lililokuwa linaishikisha chini. Akakaa juu ya theluji akacheka peke yake. "Tumetosha nguvu yake sisi wenyewe!" Kwao kutosha ni kutoa. Basi tukaipindua mipango. Mota ikahamia nyuma, ikazungusha magurudumu mawili kwa mnyororo, na betri zote zikakaa juu yake. Safari hii ilipanda lundo la theluji la paking kama haioni kitu, na mimi juu yake nikapiga kelele ambayo si ya mtu mzima.

Bado ruhusa. Nilimwendea shekhe wetu, akaniambia nipite kati ya safu, nisimpitie mtu juu, basi. Yule mzee wa Kizungu anayetunza makaburi ndiye aliyenitia hofu. Anapenda nyasi zile kuliko anavyotupenda sisi tuliozikwa na tutakaozikwa. Aliizunguka mashine, akabonyeza tairi kwa kidole gumba, maana tulikuwa tumeziacha laini makusudi. Akaniambia nipite kwanza kwenye nyasi za nyumbani kwake. Nikapita. Akapiga magoti pale nilipopita, akangoja, akaziona zinainuka. Akaenda kunifungulia geti, na tangu siku hiyo huwa ananifungulia yeye mwenyewe.

Theluji ilikuwa inayeyuka tena. Tope lile lile. Jirani akabaki kwenye lami, nikaenda peke yangu. Nikapita pale kiti changu kilipozama, nikapita nilipobebwa, nikageuka safu yake, na mashine haina sauti kabisa, nasikia ndege. Nikafika. Na nilipolikaribia kaburi, kwa mazoea ya miaka, nikajikuta nataka kumwambia ainue miguu.

Nililia, ndugu zangu. Sioni haya kulisema. Nikamwambia yote niliyokuwa nimeyaweka. Nikamwambia habari za binti, za Mkongo, za ng'ombe mwenye viatu. Hakuna aliyepapasa funguo.

Halafu nikainama nichukue udongo.

Mkono haukufika. Tulikuwa tumeiinua mashine juu ili ipite tope, na hakuna kati yetu aliyewaza kwamba nikifika nitahitaji kushuka. Nilijinyoosha mpaka mkanda ukanikata tumbo. Vidole vinaning'inia hewani, na udongo uko pale, nauona, mbichi. Nikaupiga usukani ngumi. Nikamwambia Mungu maneno ambayo shekhe wetu asiulize ni yapi.

Jirani aliniona toka mbali, akaja akitopea. Alielewa kabla sijasema. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Papa, nikupe udongo?"

Nikamwambia, "Hapana. Wa kuletewa nilishapewa."

Mtu mwingine angebishana, au angeinama anichotee kwa huruma. Yeye alisimama kwenye tope, mkono wake juu ya usukani, anatazama tu. Halafu akaniuliza, "Hii kitufe ya kijani inafanya nini?"

"Inashusha brashi," nikamjibu kwa hasira.

"Brashi tulitosha. Na ile kimota ya kuishusha?"

Tukatazamana. Kimota kilikuwa karakana, kwenye ndoo, pamoja na skrubu. Kazi yake yote duniani ilikuwa kushusha kitu chini mpaka kiguse sakafu, na kukiinua tena.

Nilirudi nyumbani siku hiyo bila kuugusa udongo, na nawaambia, sikuwa na huzuni. Nilikuwa na haraka. Jirani alitengeneza reli mbili za chuma kando ya mashine, akaongeza springi za kusaidia, akafunga kile kimota chini ya kiti. Tulijaribu kwanza na magunia ya mchele, kisha na yeye mwenyewe, kisha na mimi. Ikibidi nimsifu mtu kwa kuchomelea, basi hakuna mshono wake hata mmoja ulionishtua.

Tukarudi. Binti yangu alikuja pia, akabaki na jirani kule kwenye lami. Nikafika kwa mama yake, nikaizima, nikabonyeza kitufe cha kijani. Kile kiti kikanitelemsha, pole pole, na mlio ule ule mdogo niliokuwa nikiusikia kila asubuhi nikianza kazi. Kikashuka mpaka kiganja changu kikalala juu ya udongo. Ulikuwa baridi. Nikauchota kwa mkono wangu, nikautia, nikauchota tena. Nilifanya kama inavyofanywa, nikasema yanayosemwa, nimechelewa lakini nimefika. Kisha nikapasawazisha kwa kiganja, vizuri, pembeni na katikati, mpaka nikaona hata yeye hawezi kusema nimeacha pachafu.

Ndiyo hayo, ndugu zangu. Sasa niwashukuru watu, kisha niwaachie chakula maana harufu ya pilau inanizidi nguvu. Namshukuru Mungu aliyenipa jirani. Namshukuru jirani, yule anayefunga kamba za viatu hapo nyuma, mmemwona? Nawashukuru watu wa kanisa lake waliomchangia betri mpya nilipokuwa hata siwajui. Namshukuru mzee wa geti na nyasi zake. Namshukuru binti yangu, aliyekuwa akija hata nilipomfanya arudie mlangoni. Yule aliyeniletea konzi ya udongo siku ile, ahsante, ulinibebea nilichoshindwa. Na ninyi wanne wa kiti, ahsanteni. Nilikasirika, lakini leo najua kwamba mlinibeba kwa mapenzi, na funguo zile zilikuwa funguo tu.

Mmeniomba niache neno la kujifunza. Ninalo dogo. Nilidhani kuna aibu katika kubebwa, nikajifungia ndani nikiilinda heshima yangu, na heshima ile haikunifikisha popote. Kilichonifikisha ni kufungua dirisha kwa ajili ya gari la mtu mwingine. Mwenye shida asiilinde shida yake. Amwonyeshe mtu, hata kama huyo mtu hajui aifanyie nini. Jirani yangu hakujua. Aliuliza tu kitufe kinafanya nini.

Na jambo la mwisho. Wiki chache zilizopita nilikuwa natoka makaburini, nikamwona mama mmoja wa humu ndani, mtu mzima, amekaa kwenye gari pale kwenye lami. Wanawe wameshaenda kwa baba yao na yeye magoti yamekataa. Amekaa anatazama mbele. Mimi naujua utazamaji ule.

Basi mashine iko nyuma ya ukumbi huu, inachaji, na kila Ijumaa nitaipeleka. Haihitaji miguu, haihitaji nguvu, nitamwonyesha mtu mkono wa kuvuta na kitufe cha kijani, na atakwenda peke yake kwa mtu wake, akae atakavyo, aseme atakayo. Ina kiti kimoja tu. Kwa hiyo mimi nitangoja pale pale kwenye lami, kwenye kiti changu cha magurudumu, mahali nilipoachwa siku ile. Msinionee huruma mkinikuta. Safari hii nitakuwa nimekaa hapo kwa kupenda, na mwenye kaburi lake asiwe na haraka, mimi sina shifti.